Kadi Mbili za Mwaka

Siku hizi tiketi za basi hazinunuliwi kwa pesa. Ukitaka kusafiri unatumia pointi, na pointi zinatoka kwenye kadi unayolipia matumizi ya kila siku. Kila nyumba inaruhusiwa kadi mbili, na unazichagua mara moja tu kwa mwaka.

Jana ilikuwa siku ya mwisho. Nilikaa mezani na mke wangu, Mama Nyamizi, fomu katikati yetu. Binti yetu alijifungua Bukoba. Mtoto anatambaa na sisi hatujamwona.

"Kadi ya chakula na kadi ya mafuta," nilisema. "Unga tunakula, pikipiki inakunywa. Desemba tuna tiketi nne, kwenda na kurudi."

"Desemba mbali. Acha mafuta, chukua kadi ya dawa. Inatoa pointi mara tano."

"Mara tano ya nini? Humu ndani hatununui hata panadoli!"

"Mwaka huu tutanunua." Alinimiminia chai taratibu. "Nimeshapiga hesabu. Juni tunapata tiketi tatu."

Nilicheka. "Tatu? Profesa, watu wawili kwenda na kurudi ni nne. Au mimi nirudi kwa miguu?"

"Wewe utarudi kwa basi. Tatu zinatosha, Baba Nyamizi."

Hakuwa akitania. Niliangalia mikono yake, nikaona pete imekuwa kubwa kwenye kidole.

Nikatia alama kwenye kadi ya dawa. Kisha nikamuuliza dawa zenyewe ni bei gani, maana swali la tiketi ya nne lilinishinda.