Kiota cha Mnana

Shangazi Mwatime alinisimulia hekaya hii siku kaka yangu aliponiomba hati ya nyumba nimdhamini mahakamani.

Nguchiro alishtakiwa kwa wizi wa mayai. Hakimu Kobe akasema, "Ataachiwa akipata mdhamini wa kuweka mali. Asiporudi siku ya kesi, mali inachukuliwa."

Nguchiro akamlilia jirani yake, ndege Mnana. "Dada, weka kiota. Wewe nami, nikukimbie kweli?"

Mnana akakubali. Siku ya kesi Nguchiro hakuonekana. Kiota kikachukuliwa, makinda wakalala kwenye tawi tupu wakinyeshewa.

Baadaye Mnana alimkuta vichakani. "Mbona hukurudi?"

"Ningerudi, dada, kama kiota kingekuwa changu."

Asubuhi yake nilimpelekea kaka uji mahabusu. Hati niliiacha chini ya godoro la mwanangu.