Bakora ya Walii

Bi Mwanamize aliipakata bakora ya walii kama mtoto mchanga. Wagonjwa wa mji mzima walikuja kwake awakwangulie unga kidogo wa mti ule, wakaunywa kwa maji. Binti yake Raya naye alikwangua, ila unga wake aliupeleka maabara, mti upimwe umri.

"Haya, sema. Wamekwambiaje?"

"Mama, mti huu ulikatwa bibi akiwa kigori. Wakati huo walii alishakuwa kaburini karne na karne."

"Bibi yako aliniapia akiwa anakata roho. Kwamba alipewa na mama yake, na mama yake na mama yake, mpaka kwa aliyemwosha walii mwenyewe."

"Najua, mama. Lakini mti hauna sababu ya kusema uongo."

"Na bibi yako alikuwa nayo?"

Bibi huyo ndiye aliyemlea Raya.

Hodi ikapigwa. Akaingia mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea kwa homa. Mkononi alishika kikombe cha maji, kama desturi ilivyotaka.

Bi Mwanamize akachukua kisu, akakiweka juu ya mti. Siku zote mkono wake ulikwenda wenyewe. Leo ulibaki pale pale.

Akamsogezea binti yake kisu na bakora.

"Kwangua wewe," akasema. "Au mwambie."

Mwanamke, asiyejua walichokuwa wakizungumza, akamgeukia Raya, akakinga kikombe.