Mwanaidi Akinuna

Siku hizi uvimbe unaoota ndani ya ubongo haukatwi. Hufundishwa kulala kwa sauti ya mtu mmoja wa nyumbani, na mgonjwa huishi miaka mingi, ilimradi sauti hiyo isimnyamazie akiwa macho. Sauti ya Hemedi ilikuwa mkewe, Mwanaidi.

Sasa Mwanaidi tangu aolewe hakujua kugombana; alijua kununa. Asubuhi hiyo Hemedi alimwambia kwamba ameshamwita mama yake aje kuishi nao. Mwanaidi akafunga mdomo, akaendelea kuchambua mchele.

Vidole vya mkono wa kushoto wa Hemedi vikaanza kujikunja. Kikombe cha chai kikamponyoka.

"Mke wangu, nisemeshe. Nitukane ukitaka."

Mwanaidi akatoa chuya moja, kisha nyingine. Mdomo wa mumewe ulipoanza kwenda upande, ndipo akauliza kwa upole, "Mama atalala chumba gani?"

"Haji tena," Hemedi akasema, jasho likimtiririka. "Namwambia asije."

Mwanaidi akaokota kikombe, akaanza kumsimulia habari za majirani. Vidole vikanyooka. Akaendelea kuongea, huku akiwaza ni lipi jingine angependa libadilike humu ndani.