Chini Kidogo ya Kilele

Kichwa kilikuwa kikimpasuka Zuhura kwa maumivu, na miguu haikumtii tena. Shelukindo, kiongozi wao wa mlimani, aliitazama midomo yake iliyobadilika rangi.

"Mama, hapa ndipo mwisho wako wa kupanda. Tunashuka sasa hivi."

Zuhura akamgeukia mumewe. Hii ilikuwa volkano ya pili ya safari yao, na kilele kilikuwa kinaonekana.

"Wewe endelea tu, Hemedi," alisema, akitumaini kwamba atakataa.

"Kweli? Ahsante, mke wangu!" Hemedi akajibu upesi, akamfuata kiongozi msaidizi.

Zuhura na Shelukindo wakashuka hadi kwenye njia panda.

"Tumsubiri kambini, mama, au twende moja kwa moja mjini?"

Zuhura akatazama juu. Hemedi alikuwa akipanda bila kugeuka, koti lake jekundu likimezwa na ukungu.

"Twende mjini," akasema.