Mkanda wa Abiria

Zuwena, fundi cherehani, alifika gereji kukagua gari la mumewe lililotengenezwa baada ya ajali, akiwa na sumaku yake ya kuokotea pini. Alikuwa amesikia kwamba mafundi wa bodi huziba mabonde ya bati kwa puti na kupaka rangi juu, na sumaku hainasi kwenye puti. Akaipitisha mlangoni, kisha kwenye boneti. Kote ikanasa.

"Shemeji, mimi si tapeli," fundi Chande alinung'unika. "Hata mkanda wa abiria nimeweka mpya."

"Wa zamani ulikuwa na nini?"

"Ulikwama. Gari likigonga kwa kishindo, mkanda wenye mtu hujikaza, hauachii tena. Usio na mtu hauna neno."

Zuwena akaiacha sumaku palepale kwenye boneti. Sudi, mumewe, alikuwa amemwapia kwamba siku ya ajali alikuwa peke yake garini.

Chande aliuona uso wake, akajua ameropoka. "Labda alifungia mzigo, shemeji."

Zuwena alifungua mlango wa abiria, akaketi, akauvuta ule mkanda mpya kifuani.

Sudi alipoingia langoni kuchukua gari lake, alimkuta mkewe amekaa pale, amejifunga, anamtazama.