Kuku Ndani ya Helmeti

Kuku alitaga ndani ya helmeti ya Shomari, kwenye kona ya jikoni, akaatamia. Asubuhi ile Shomari alipoinama kuichukua, mkewe Kibibi alimshika mkono.

"Baba Nasra, mayai yataharibika. Mwache atotoe, zimebaki siku tatu tu."

Shomari alicheka, akawasha pikipiki, akaondoka kichwa wazi. Njia panda aliteleza, kichwa kikapiga lami.

Siku ya tatu, matanga yake hayajaanuliwa, Kibibi alisikia vifaranga wakilia jikoni. Aliinuka mkekani, akamtoa kuku na wanawe. Helmeti haikuwa na hata mkwaruzo. Akaondoa maganda, akaipangusa kwa upindo wa kanga mpaka ikang'aa, akaitundika mlangoni, mahali ambapo mtu anayetoka hawezi kuisahau.