Mtu wa Dirishani

“Isimamishe dakika ya kumi na mbili,” Hezroni alisema.

Kassimu, mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na stendi ya Same, alibonyeza rimoti. Kwenye televisheni kubwa, iliyochomekwa flashi yenye video ya maziko, waombolezaji wakaganda kulizunguka kaburi la mzee Tumainieli, baba yake Hezroni, kati ya migomba ya Vudee. Nyuma yao ilionekana nyumba. Wakati wa maziko hakuna anayebaki ndani. Hata wapishi huacha masufuria na kwenda kaburini.

Lakini dirishani palikuwa na mtu.

Familia ilikuwa imekwisha kumwona kwenye simu ya mpiga picha, kama doa tu. Siku ileile hati ya shamba la tangawizi ilitoweka chumbani kwa marehemu. Tangu mzee alipopunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge lililobinafsishwa, tangawizi ndiyo iliyowalisha wote. Wajomba walimshuku Ikupa, mjane wa mdogo wake Hezroni, aliyemwuguza mzee kwa miaka mitatu. Wakakubaliana kuitazama picha hiyo siku ya arobaini, kwenye televisheni nzuri. Ikiwa ni yeye, atafungasha vitu vyake na kuondoka.

Kazi ya kuinunua televisheni hiyo alipewa Hezroni.

“Wewe peke yako hukuwepo mazikoni, mwanangu,” mama yake alisema. “Hutampendelea mtu.”

Hezroni alikuwa ameingia nyumbani siku iliyofuata maziko, akilia, akieleza kwamba basi liliharibika Makanya. Tangu hapo alishindwa kumtazama mama yake usoni.

Asubuhi hii Ikupa alikuwa amemsindikiza hadi barabarani na kumfungia ndizi za kuchoma.

“Shemeji, chukua inayoonyesha vizuri. Mimi na wanangu hatuna pa kwenda.”

Ndizi zile zilikuwa bado mfukoni, hazijaguswa.

“Hiyo kubwa ni 1080, Full HD,” Kassimu alieleza. “Ina nukta zaidi ya milioni mbili. Hata manyoya ya kuku unayahesabu. Hii nyingine ni 720, nukta zake hazifiki nusu ya hizo. Sogea ujionee.”

“Kassimu!” Mfugaji mmoja, Parsimei, aliita kutoka mlangoni. “Unaniuzia chaji ya simu, au niwaingize ng’ombe wangu wakusubiri humo ndani?”

“Waingize, Parsimei! Nao watazame mpira.”

Kassimu akaenda kumhudumia huku akicheka. Hezroni akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo. Alitazama kwa muda mrefu. Shati lilimlowa mgongoni.

“Niwekee kwenye 720,” alisema Kassimu aliporudi.

Flashi ikahamishwa. Dirisha likatokea tena, safari hii likiwa na ukungu. Pazia la maua lilikuwa limechanganyika na bega la yule mtu, likafanana na kitenge.

“Mwanamke huyo,” Kassimu alisema. “Ila sura haionekani. Turudi kwenye 1080, kaka. Kule utamwona hadi kope.”

Hezroni aliwafikiria watoto wa Ikupa. Mdogo alikuwa bado hajaanza shule. Akafumba macho.

“Nifungie hii.”

“Hii? Kwa tofauti ndogo hivyo ya bei? Utajuta, kaka.”

“Najua.”

Kassimu alikuwa amezoea wateja wabishi. Akaichomoa flashi, akairudisha kwenye televisheni kubwa na kuisogeza picha hadi dakika ya kumi na mbili.

“Acha!” Hezroni alisema. “Nimesema nifungie hii!”

“Subiri kidogo. Macho yako yatanishukuru.”

Kassimu aliinama, akautazama uso wa dirishani. Kisha akageuka polepole, akautazama uso wa mteja wake.